Vidonge 504: safari ya dawa za kifua kikuu na mahali inapokatikia

Mtu mzima wa kilo 40 hadi 54 akigundulika ana kifua kikuu kisicho sugu, humeza vidonge vitatu kila siku kwa wiki 24. Wiki nane za mwanzo ni kidonge chenye dawa nne ndani yake, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, ambacho wahudumu hukitaja kwa herufi zake tu: RHZE. Hapo ni vidonge 168. Wiki 16 zinazofuata ni kidonge chenye dawa mbili, RH, navyo ni vidonge 336. Jumla 504. Aliyefika kilo 55 huongezewa kidonge kimoja kwa siku, na asiyefika 40 hupunguziwa.

Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la tano anaiweza, na ndiyo maana swali linauma. Inakuwaje dawa ambayo idadi yake inajulikana hadi kidonge cha mwisho, siku ile ile mgonjwa anapoanza, ikosekane katikati ya safari? Malaria hatujui itamshika nani wiki ijayo. Ajali haipigi hodi. Mgonjwa wa TB aliyeandikwa leo kwenye rejista amekwisha kutueleza atahitaji nini kwa karibu nusu mwaka.

Na bado dawa hukatika. Hukatika kwetu Afrika Mashariki, hukatika India ambako sehemu kubwa ya dawa hizi za dunia nzima hutengenezwa, na iliwahi kukatika hata Marekani, ambako isoniazidi iliadimika kuanzia mwishoni mwa 2012. Kwa hiyo umaskini peke yake hautoshi kuwa jibu. Ninavyoona mimi, mara nyingi tatizo huanzia kwenye kile tunachokihesabu. Tunahesabu vidonge vilivyotoka stoo, wakati tunachopaswa kuhesabu ni watu walioanza matibabu.

Tuelewane kwanza kwa nini wiki mbili bila dawa si jambo la kuvumilia. Bakteria wa TB hujigawa polepole sana, na baadhi yao hujibanza mwilini kama waliolala, dawa isiwafikie vizuri. Kikohozi hukoma baada ya wiki kadhaa, mgonjwa anarudi shambani au sokoni, lakini waliojibanza bado wapo. Miezi minne ya RH ni kwa ajili yao hao. Matibabu yakikatika na kuanza tena ovyo, wanaopata nafasi ya kuzaliana ni wale wanaoihimili dawa, na ugonjwa unaorudi huenda ukawa sugu. Tena mgonjwa huyu hana duka la kukimbilia. Tanzania dawa za TB hutolewa bure, katika vituo vya umma na vya binafsi vinavyoshirikiana na mpango wa taifa, na si bidhaa ya kununua kwenye duka la dawa mtaani. Huo ni utaratibu mzuri, maana rifampisini ikiuzwa kiholela tutautengeneza usugu kwa mikono yetu wenyewe. Lakini unaidai serikali kitu kimoja kizito: ikiwa ndiyo mlango pekee, mlango huo usifungwe hata siku moja.

Stoo iliyojaa ambayo haina kitu

Chukua mfano wa zahanati moja. Nautunga ili hesabu ionekane, lakini mtu yeyote aliyewahi kushika leja ya dawa ataitambua hali hii.

Vidonge vya TB huja kwa kawaida katika maboksi ya vidonge 672, yaani pakiti 24 za vidonge 28. Stoo ya zahanati yetu ina maboksi matatu ya RH, vidonge 2,016. Rejista ina wagonjwa wanane, wote wa kilo 40 hadi 54. Wanne wapo katikati ya awamu ya pili, wamebakiwa na wiki nane. Wanne wengine wanamaliza RHZE wiki hii na Jumatatu wanaingia kwenye RH.

Mtunza stoo anapojaza fomu ya taarifa na maombi, utaratibu unamtaka aangalie wastani wa matumizi ya mwezi. Kwa wiki nne zilizopita RH imeliwa na watu wanne tu, vidonge 84 kila mmoja, jumla 336. Anagawanya 2,016 kwa 336 na kupata sita. Ana dawa za miezi sita! Mfumo utamwambia amejaza kupita kiasi na asiagize chochote. Na kama ni mtu mwaminifu, hataagiza.

Sasa hesabu kwa watu. Wanne waliobakiwa na wiki nane wanahitaji vidonge 168 kila mmoja, jumla 672. Wanne wanaoanza awamu ya pili wanahitaji 336 kila mmoja, jumla 1,344. Ukijumlisha unapata 2,016 kamili. Kila kidonge kilichomo stoo kina mwenyewe. Mgonjwa atakayeandikwa kesho asubuhi hana hata kimoja cha RH. Zimebaki wiki nane kabla hajakihitaji, na katika wiki hizo nane hakuna anayeshughulika, kwa sababu karatasi inasema dawa zipo za miezi sita.

Ukiuelewa mfano huu umeelewa sehemu kubwa ya uhaba wa dawa za TB vituoni. Wastani wa matumizi unafaa kwa dawa ambazo mahitaji yake hayapandi na kushuka sana. Kwa TB, matumizi ya mwezi uliopita yanakueleza habari za watu walioanza miezi mingi nyuma. Yanachelewa. Idadi ya wagonjwa ikipanda, labda kwa sababu mashine ya GeneXpert, inayopima TB, imeletwa wilayani, au timu imepita migodini kuwapima wachimbaji, au waganga wa jadi wameanza kuwaelekeza watu hospitali, leja ya stoo haitalijua hilo mapema. Rejista inalijua siku hiyo hiyo. Daftari hizi mbili mara nyingi zimo katika jengo moja, wakati mwingine katika vyumba vinavyotazamana, lakini kila moja ina mwenyewe na njia yake ya kupeleka taarifa juu: rejista kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, leja kwa mfamasia wa wilaya. Wasipokutana hao wawili, hakuna anayeona picha nzima.

Njia sahihi ya kuhesabu imejulikana miaka mingi. Unachukua dawa wanazodaiwa wagonjwa waliokwisha kuanza, unaongeza za wale unaotarajia wataanza kabla mzigo ujao haujafika, unaongeza akiba ya tahadhari, kisha unatoa kilichopo stoo na kilichopo njiani. Ipo hata programu ya kompyuta ya bure iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, QuanTB, ambayo huonya miezi mapema kwamba dawa fulani itaisha, au kwamba itabaki hadi muda wake wa matumizi upite. Hutumika zaidi ngazi ya taifa. Huko chini, penseli na rejista vinatosha.

Baadhi ya nchi zimekwenda mbali zaidi: mgonjwa anapoanza, dawa zake zote hutengwa katika boksi lake lenye jina lake, na boksi hilo haliguswi kwa ajili ya mtu mwingine. Naupenda utaratibu huu kwa sababu unaiweka ahadi mahali pa kuonekana kwa macho. Una gharama zake, maana maboksi hula nafasi katika stoo ndogo, na mgonjwa akihamia mkoa mwingine au akifariki, dawa zilizobaki lazima zikaguliwe na kurudishwa kwenye hesabu, kazi ambayo husahaulika. Lakini hauruhusu ule udanganyifu wa stoo iliyojaa.

Nisisahau jambo moja. Ile 504 nayo haisimami tuli. Mgonjwa wa TB anayepona hunenepa, na hilo ndilo tunalolitaka. Aliyeanza na kilo 39 akifika 41 anatoka vidonge viwili kwa siku hadi vitatu. Kwa watoto ni kali zaidi: mtoto wa kilo 7 anameza kidonge kimoja cha watoto kwa siku, akifika kilo 8 anameza viwili. Kilo moja ya afya imeongeza mahitaji mara mbili. Maoteo, yaani makadirio ya mahitaji, yasiyoacha nafasi kwa wanaopona yatapungukiwa kwa sababu tu matibabu yanafanya kazi.

Upungufu usioandikwa popote

Kuna uhaba mwingine ambao hauonekani kwenye takwimu kabisa, na naamini ndio unaoumiza watu wengi zaidi. Muuguzi wa kitengo cha TB anaona maboksi yanapungua na gari la dawa halijulikani litafika lini. Anaacha kutoa dawa za mwezi na kuanza kutoa za wiki. Kwa upande wake ni huruma na busara: heri kila mtu apate kidogo kuliko wengine wapate zote na wengine wakose. Kwa mgonjwa maana yake ni safari nne za bodaboda badala ya moja, siku nne za kibarua zilizopotea, na maswali ya majirani wanaomwona kituoni kila Jumatatu. Baadhi yao watashindwa. Tutawaandika kuwa ni watoro na kumtuma mhudumu wa jamii akawatafute.

Wakati huo huo taarifa ya mwisho wa mwezi itaonyesha kwamba dawa haikuisha hata siku moja. Na kwa kuwa kituo kilitoa kidogo, wastani wa matumizi umeshuka, hivyo oda inayofuata itakuwa ndogo kuliko iliyopita. Uhaba unazaa oda ndogo, oda ndogo inazaa uhaba.

Kinga ya sehemu moja ya mtego huu ni rahisi. Kama kituo kilitoa vidonge 900 katika mwezi wa siku 30, lakini kwa siku 10 hakikuwa na dawa, matumizi yake halisi si 900. Ni 900 ya siku 20, yaani 1,350 kwa mwezi mzima. Siku za kukosa dawa lazima ziandikwe, zisionewe aibu, kisha zirekebishwe kwenye hesabu. Ila zinaandikwa pale tu ambapo mtunza stoo hataitwa kujieleza kama mkosaji kwa kuziandika. Mgao wa wiki, ambao haujazaa siku hata moja ya kukosa, hauna safu kwenye fomu. Wapo pia wanaoziba pengo la RH kwa kumpa mgonjwa RHZE, ambayo ina dawa hizo mbili ndani yake. Mgonjwa hakatizi matibabu, na hilo ni jema, lakini dawa ya mtu mpya imeliwa, na stoo imefichiwa tatizo lake kwa mwezi mwingine.

Kutoka Keko kurudi nyuma

Tanzania ina historia katika jambo hili inayostahili kujulikana zaidi. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza 1977, na hapa ndipo Dk. Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyefanya kazi Uholanzi, alipojenga pamoja na wataalamu wa Kitanzania utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani, WHO, liliueneza miaka ya 1990 kwa jina la DOTS. Watu wengi wanakumbuka sehemu moja tu ya DOTS, kwamba mgonjwa ameze dawa akiangaliwa. Nguzo zilikuwa tano, na mojawapo ilikuwa ugavi wa dawa usiokatika. Tumeshika sana ile ya kumwangalia mgonjwa. Mgonjwa asipotokea hufuatwa hadi nyumbani kwake. Dawa isipotokea, mara nyingi hakuna anayefuatwa.

Ukiifuata dawa kuanzia stoo ya zahanati kurudi ilikotoka, utapita kanda ya Bohari ya Dawa, MSD, kisha makao yake makuu Keko, Dar es Salaam. Bohari iliundwa kwa sheria ya 1993. Dawa za TB ni miongoni mwa zile zinazoitwa za miradi msonge, pamoja na za ukimwi, malaria na chanjo: Bohari huzipokea, huzitunza na kuzisambaza, lakini fedha na maoteo yake hutoka kwenye mpango husika na wafadhili wake. Hii ina maana kubwa kwa kituo. Dawa ya kawaida ikikosekana Bohari, halmashauri ina njia ya kununua kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa. Kwa dawa ya TB njia hiyo haikutengenezwa. Ikikosekana Keko, imekosekana.

Nyuma ya Keko kuna bandari, forodha, na ukaguzi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Nyuma ya bandari kuna meli, na nyuma ya meli kuna viwanda, vingi vikiwa India, vya makampuni kama Macleods na Lupin. Katikati ya nchi na viwanda husimama chombo kilichoanzishwa 2001 chini ya ushirika wa Stop TB na kinachojulikana kwa herufi GDF. Kazi yake ni kukusanya oda za nchi nyingi, kuzifanya moja kubwa, na kununua dawa zilizopita vipimo vya ubora vya WHO au vya mamlaka zinazoaminika. Nchi ikienda peke yake kuagiza dawa za watoto mia chache haina sauti mbele ya kiwanda. Nchi hamsini zikienda pamoja, kiwanda kinawasha mashine. Kwa ununuzi huo wa pamoja, dozi nzima ya miezi sita ya TB ya kawaida haifikishi dola 60.

Kila kituo katika safari hiyo kina foleni yake: kibali cha fedha, zamu ya kiwanda, uchunguzi wa maabara, meli, ushuru, lori. Tangu makadirio yanapopitishwa hadi boksi kufika zahanati ya Liwale au Kakonko, miezi mingi hupita. Anayeagiza leo anaagiza kwa ajili ya mtu ambaye pengine bado hajaanza kukohoa. Hapo ndipo akiba ya tahadhari inapokuja, na hapo ndipo watu wengi wanapodhani jibu limepatikana: si waagize nyingi tu?

Haiwezekani, kwa sababu ya tarehe iliyopigwa kwenye boksi. Tuseme dawa ina miezi 24 tangu itengenezwe. Imetumia minne kufika, sita Keko, mitatu kanda. Inafika zahanati ikiwa na miezi 11. RH ya mgonjwa mmoja inachukua karibu minne, na ikikaa stoo miezi minane kabla ya kupata mtu, haitamfikisha mwisho. Ndiyo maana mikataba hudai dawa ziingie nchini zikiwa na sehemu kubwa ya umri wake, na ndiyo maana kanuni ya kwanza ya stoo ni kwamba inayowahi kuisha muda ndiyo iwahi kutoka, hata kama imepokelewa jana na nyingine ilikuwapo tangu mwaka jana. Ongeza joto na unyevu. Ethambutoli hufyonza unyevu kwa urahisi, na rifampisini haiwi imara ikikutana na isoniazidi penye maji na tindikali. Paa la bati lisilo na dari, pwani au kando ya ziwa, linaweza kumaliza ubora wa kidonge ambacho tarehe yake bado inasema ni kizima.

Mwongozo ukibadilika, stoo haibadiliki

Sehemu hii wataalamu wa tiba huisahau mara nyingi kuliko zote. Utafiti mpya unatoka, matibabu yanaboreshwa, semina zinafanyika. Hakuna aliyeiuliza stoo ina nini.

Mfano wa watoto unaeleza vizuri. Kabla ya mwisho wa 2015, vidonge vingi walivyopewa watoto wadogo vilikuwa vya wakubwa vilivyovunjwa na kupondwa kwa kukisia. Vidonge vya watoto vinavyoyeyuka majini na vyenye ladha ya matunda vikazinduliwa, na mwaka 2016 Kenya ikawa nchi ya kwanza kuvitumia kitaifa. Ushindi halisi. Kisha utafiti uliofanyika Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India ukaonyesha kwamba watoto wenye TB isiyo kali wanapona kwa miezi minne badala ya sita, na mwaka 2022 WHO ikaliingiza hilo kwenye miongozo yake. Kwa mtoto na mama yake ni miezi miwili ya nafuu. Kwa maoteo, maana yake RH ya watoto hao inahitajika nusu tu ya kiasi cha zamani. Nchi iliyokwisha kuagiza kwa hesabu ya miezi minne ya RH kwa kila mtoto inabaki na maboksi ambayo tarehe yake inakimbia.

Kwa TB sugu mabadiliko yamekuwa makubwa zaidi. Tanzania ilianza kuitibu 2009 katika hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, mkoani Kilimanjaro. Wakati ule tiba ilikuwa ya miezi 18 hadi 24, na ndani yake sindano za kila siku za kanamaisini kwa miezi kadhaa, sindano zilizowaacha baadhi ya watu viziwi. Mwaka 2018 WHO ilitangaza kwamba kanamaisini na kapreomaisini zisitumike tena. Mwaka 2022 ikapendekeza tiba ya miezi sita, vidonge vitupu: bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Agosti 2023 GDF ikatangaza bei ya dola 130 kwa dozi ya miezi sita ya bedakwilini, baada ya miaka ya shinikizo la wagonjwa na wanaharakati.

Sasa jiweke katika nafasi ya mfamasia wa mpango wa taifa. Ana wagonjwa walio katikati ya tiba ya zamani ambao lazima wamalize. Ana wapya wanaostahili tiba mpya. Idadi yao kwa nchi nzima ni mia kadhaa kwa mwaka, si maelfu, kwa hiyo kosa la watu ishirini ni kosa kubwa. Linezolidi huwapunguzia wengine damu na kuwaletea ganzi miguuni, hivyo baadhi watapunguziwa dozi au kubadilishiwa dawa, na dawa ya kubadilishia lazima iwepo. Akiharakisha tiba mpya, za zamani zitachomwa moto na wakaguzi watamuuliza fedha zilikwenda wapi. Akisubiri stoo iishe kwanza, kuna mtu atadungwa sindano inayoua masikio wakati vidonge bora vipo duniani. Katika mvutano huo mimi nasimama na sikio la mgonjwa. Dawa iliyopitwa na wakati si akiba tena, na hasara ya kuiteketeza ni ndogo kuliko ya kuitumia. Lakini uamuzi huo upangwe mapema, kwa kuagiza kwa awamu ndogo mara tu inapojulikana kwamba mwongozo uko njiani, ili asiwepo mtu wa kulazimika kuchagua.

Na mara nyingine mabadiliko hutoka mahali ambapo hakuna mpango wa taifa unaoweza kupafikia. Mwaka 2020 vipimo viligundua kemikali za jamii ya nitrosamini katika rifampisini na rifapentini, kemikali zinazohofiwa kusababisha saratani zikimezwa kwa wingi na kwa muda mrefu. Mamlaka za dawa ziliamua kuruhusu kiwango kikubwa kidogo kwa muda, kwa hoja kwamba hatari ya kuacha kutibu TB ni kubwa kuliko hatari ya kemikali hizo. Ulikuwa uamuzi sahihi. Hata hivyo ulionyesha jinsi ugavi wa dunia nzima unavyoning'inia kwenye viwanda vichache vinavyohesabika.

Nani analipa, na lini

Fedha nimeiweka mwisho kwa makusudi, maana ikitajwa kwanza hufunika mengine yote. Lakini haikwepeki, na kinachoua ugavi si kiasi chake pekee. Ni wakati wake. Shilingi iliyotengwa kwenye bajeti ya Julai ikatoka Machi hainunui dawa ya Septemba.

India ni funzo zuri kwa sababu haina kisingizio cha umbali. Viwanda vipo, wataalamu wapo, mpango wake wa TB ni mkubwa kuliko wowote duniani. Bado Machi 2024 serikali kuu iliziandikia serikali za majimbo zijinunulie dawa kwa miezi mitatu kwa sababu ugavi wa taifa ungechelewa. Kuna watu walikatiza tiba katika nchi inayoitibu dunia.

Kisha ikaja Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Vidonge vya kawaida katika nchi nyingi havikuwa vikilipiwa na Marekani moja kwa moja, na wengine walifikiri basi pigo litakuwa dogo. Kilichokuwa kikilipiwa ni watu: wachambuzi wa takwimu, washauri wa ugavi, wasafirishaji wa sampuli, wahudumu wa jamii. Machi mwaka huo WHO ilitoa tahadhari kwamba huduma za TB zimeyumba vibaya katika nchi 27, na kwamba nchi tisa zimeripoti kuvunjika kwa ununuzi na ugavi wa dawa. Stoo inaweza kuwa na maboksi na asiwepo wa kusema yamo mangapi, ya nani, na yanaisha lini. Tukirudi kwenye zahanati ya mfano wetu: ondoa yule anayelinganisha rejista na leja, nawe umeondoa dawa, hata kabla boksi la mwisho halijafunguliwa.

Kwa hiyo nchi zinapozungumzia kununua dawa kwa fedha za ndani, jambo ambalo naliunga mkono kwa moyo wote, ziangalie zisichukue mzigo wa vidonge peke yake. Zichukue na mishahara ya wanaohesabu. Na zisiharakishe kuacha ununuzi wa pamoja, kwani dawa za watoto na za TB sugu, kwa uchache wake, ndizo za kwanza kukosa muuzaji nchi inapotangaza zabuni yake peke yake.

Kuna jambo ambalo halihitaji kungoja bajeti. Vituo vya afya vya umma Tanzania vina kamati za usimamizi zenye wajumbe kutoka kwa wananchi, na mzigo wa dawa unapofika wajumbe hao huitwa kushuhudia ukipokelewa. Kwa kawaida wanahesabu maboksi, wanalinganisha na hati ya kupokelea, wanasaini. Wangeweza kuuliza maswali mawili zaidi, bila kuona jina la mgonjwa yeyote: ni wagonjwa wangapi wa TB wapo katika kila awamu leo, na wangapi wapya wameandikwa mwezi huu. Boksi moja la RHZE linatosha watu wanne wa kilo 40 hadi 54. Boksi moja la RH linatosha watu wawili. Mjumbe mwenye namba hizo atajua kabla ya kuondoka getini kama kituo chake kina dawa au kina maboksi tu, na mratibu wa wilaya atapata simu wiki nane mapema, wakati bado kuna la kufanya.